Maswali ya Wasomaji: Memori Inayoondoka na Hairudi

Mwezi huu nimeweka kando barua nyingine zote. Zinazohusu programu za Linux zinazokula memori zimekuwa nyingi, na karibu kila moja inaishia na swali lilelile: nitumie zana gani? Nitajibu, ila nawaomba subira kidogo. Zana hizi hazifanyi kazi moja. Ukichukua isiyohusu tatizo lako, itakuambia programu ni nzima huku seva inaanguka.

Ndugu mwandishi, nina seva niliyoiandika kwa C++. Ikiwashwa inatumia MB 200 hivi. Baada ya siku chache inafika GB 3, kisha inakufa bila kuandika kosa lolote kwenye logi yake. Rafiki ameniambia niiendeshe ndani ya Valgrind, zana ya kutafuta makosa ya memori. Nianzie hapo? – Mwenye seva

Usianzie hapo. Kwanza thibitisha mambo mawili: nani anaiua, na kama kweli inavuja, yaani inaomba memori bila kuirudisha.

Programu inayokufa kimya mara nyingi imeuawa na kerneli, yaani kiini cha Linux. Memori ya mashine inapokwisha, kerneli huchagua mchakato mmoja na kuutumia ishara ya SIGKILL. Ishara hiyo haiwezi kukamatwa na programu, ndiyo maana logi yako haina neno la mwisho. Andika hivi:

`dmesg -T | grep -i "killed process"`

Ukiona jina la seva yako, na pembeni yake anon-rss ikifuatiwa na idadi ya kB, umempata muuaji. Usipoona kitu, huenda shida yako si memori kabisa, na kazi ya wiki nzima imeokolewa.

Sasa pima. Wengi hufungua `top`, hukuta nambari kubwa kwenye safu ya VIRT na kuingiwa na hofu. VIRT ni nafasi ya anwani ambayo programu imeruhusiwa kuitumia, na sehemu kubwa yake inaweza kuwa haijawahi kuguswa. Ninayoifuata mimi ni RssAnon, iliyomo kwenye `/proc/PID/status`. Hizo ni kurasa zilizoko kwenye RAM kweli na ambazo hazikutoka kwenye faili lolote. Pamoja nayo soma VmSwap, maana kurasa zilizohamishiwa diski hazihesabiwi tena kwenye RssAnon, na mchoro wako utaonekana umetulia wakati haujatulia:

`while sleep 60; do date +%T; grep -E 'RssAnon|VmSwap' /proc/4312/status; done >> memori.txt`

Weka namba ya mchakato wako mahali pa 4312. Halafu ipe seva kazi unayoijua. Tuma maombi elfu kumi, iache ipoe, soma nambari. Tuma elfu kumi yaleyale, soma tena. Rudia mara kadhaa. Ikiwa ilipanda raundi ya kwanza kisha ikatulia, hiyo ni kashe (data iliyowekwa akiba) imejaa au ni malloc, fankisheni inayogawa memori, inahifadhi memori kwa matumizi ya baadaye. Ikiwa kila raundi inaongeza kiasi kinachofanana, una mvujo, na tayari una fununu ya thamani kubwa: gawanya ongezeko kwa idadi ya maombi. Tuseme umepata baiti 272 kwa kila ombi. Malloc ya glibc (maktaba ya msingi ya C) kwenye mashine za biti 64 huongeza baiti 8 za kumbukumbu zake na kukamilisha jumla hadi kizidishe cha 16, hivyo ombi la baiti 256 hula 272. Tafuta kwenye msimbo wako bafa ya 256 au struct ya ukubwa huo. Mara nyingi hesabu hii peke yake hunifikisha kwenye faili husika kabla sijawasha zana yoyote.

Kuna mtego mmoja lazima niutaje kwa sababu umewapotezea muda watu wengi ninaowaheshimu. Programu yenye nyuzi (threads) nyingi haipati memori yote kutoka fungu moja. Glibc huunda mafungu yanayoitwa arena ili nyuzi zisigombanie kufuli moja, na kwenye biti 64 inaweza kufikisha arena 8 kwa kila kiini cha prosesa. Mashine ya viini 16 inaweza basi kuwa na arena 128, kila moja ikishikilia vipande vilivyokwisha kuachiliwa. RssAnon inapanda, kila `free`, fankisheni ya kuachilia memori, imeitwa ipasavyo, na hakuna zana ya mivujo itakayopata kosa. Washa seva kwa `MALLOC_ARENA_MAX=2` na upime upya. Mchoro ukilala, hukuwa na mvujo. Unaweza pia kuita `malloc_trim(0)` ndani ya programu na kuangalia kama nambari inashuka. Ikishuka sana, memori hiyo ilikuwa imeachiliwa tayari, ila haikuwa imerudishwa kwa kerneli.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nimeendesha Valgrind kwenye kazi yangu ya C na imenitolea makundi manne: "definitely lost", "indirectly lost", "possibly lost" na "still reachable". Nianze na lipi? Na kwa nini mstari inaonionyesha hauna kosa lolote? – Mwanafunzi wa C

Marahaba. Swali lako la pili ndilo linalowashinda hata wazoefu, nitalifikia.

Valgrind ilitolewa kwa umma mwaka 2002, kazi iliyoanzishwa na Julian Seward, na kifaa chake cha Memcheck ndicho kinachotafuta mivujo. Programu inapomalizika, Memcheck hupitia kila kipande cha memori ambacho hakijaachiliwa na kuuliza kama bado kuna pointa mahali popote inayokielekea: kwenye vigeu vya jumla, kwenye staki, kwenye rejista, au ndani ya kipande kingine kinachofikika. Chukua kila kipande kuwa ni chumba cha stoo, na pointa kuwa ni ufunguo wake. "Definitely lost" ni chumba ambacho ufunguo wake haupo tena popote. "Indirectly lost" ni chumba ambacho ufunguo wake upo, lakini umefungiwa ndani ya chumba kilichopotea. "Still reachable" ni chumba ambacho ufunguo unao mkononi, ila hukukifungua kutoa vitu kabla ya kuondoka. Na "possibly lost" ni pale Memcheck inapokuta pointa inayoelekea katikati ya kipande badala ya mwanzo wake, ikashindwa kuamua kama ni ufunguo kweli au ni nambari iliyofanana nao.

Anza na "definitely lost". Kundi la "indirectly lost" usiliguse kwanza. Ukiwa na orodha iliyounganishwa ya nodi elfu moja na ukapoteza kichwa chake, Valgrind itakuandikia kipande 1 kwenye kundi la kwanza na 999 kwenye la pili. Achilia orodha vizuri kuanzia kichwani na yote yatatoweka pamoja.

Sasa kuhusu mstari usio na kosa. Tazama fankisheni hii:

```
char *soma_jina(FILE *f)
{
    char *bafa = malloc(256);
    if (fgets(bafa, 256, f) == NULL)
        return NULL;
    return bafa;
}
```

Faili likiisha, `fgets` hurudisha NULL na fankisheni inatoka bila kuachilia bafa. Lakini ripoti itataja mstari wa `malloc`, kisha nani aliyeita `soma_jina`, kisha `main`. Haitataja mstari wa `return NULL`, kwa sababu Valgrind inajua kipande kilizaliwa wapi, na haiwezi kujua wewe ulikusudia kife wapi. `free` iliyokosekana haina mstari. Kwa hiyo usome mnyororo wa miito ukiwa na swali moja kichwani: kutoka hapa, nani alipaswa kuwa mmiliki wa memori hii? Fuata kila njia ya kutokea, hasa njia za makosa, kwa kuwa hizo ndizo zinazojaribiwa kidogo kuliko zote. Ndiyo maana napenda sana waandishi wa C waandike juu ya kila fankisheni inayorudisha pointa nani anatakiwa kuiachilia. Sentensi moja ya maelezo inatosha.

Angalia pia mstari wa aina hii, niliokutana nao kwenye msimbo wa watu wenye uzoefu mkubwa: `p = realloc(p, n);`. `realloc` ikishindwa hurudisha NULL na kipande cha zamani kinabaki hai, lakini umeshafuta anwani yake kwa mkono wako mwenyewe. Pokea jibu kwenye kigeu kingine kwanza.

Kabla ya kuendesha, kusanya (compile) programu kwa `-g` na bila uboreshaji mkali, `-O0` au `-O1`, vinginevyo fankisheni zitamezana na mnyororo wa miito utakosa majina. Kisha:

`valgrind --leak-check=full --show-leak-kinds=all ./kazi`

Ukiona "possibly lost" yenye `pthread_create` katika mnyororo wake, tafuta uzi ulioanzishwa lakini haukusubiriwa kwa `pthread_join` wala kuachwa huru kwa `pthread_detach`. Kuhusu "still reachable", katika kazi ya shule isafishe. Katika programu za kweli, kipande kimoja kilichotengwa wakati wa kuwasha na kutumika hadi mwisho hakimdhuru mtu, kerneli hukichukua chote mchakato unapokufa. Kinachodhuru ni kile kinachokua.

Valgrind inafanya programu yangu iende polepole mno hadi majaribio yetu hayamaliziki. Je, kuna njia nyingine? – Mtunza majaribio

Ipo. Memcheck huendesha kila maelekezo ya programu juu ya prosesa ya kuigiza, na nyaraka zake zenyewe zinakadiria kupungua kwa kasi mara 10 hadi 50. Zaidi ya hapo, huendesha uzi mmoja kwa wakati, kwa hiyo programu ya nyuzi nyingi huumia maradufu.

AddressSanitizer ilichukua njia tofauti. Wahandisi wa Google waliieleza mwaka 2012, na kompaila za Clang na GCC zikaipokea. Hapa ukaguzi unapandikizwa na kompaila wakati wa kukusanya, kwa hiyo gharama ni takriban mara mbili ya muda wa kawaida. Ndani yake mna LeakSanitizer, ambayo kwenye Linux ya x86_64 huwa imewashwa tayari:

`gcc -g -O1 -fno-omit-frame-pointer -fsanitize=address majina.c -o majina`

Ukitaka mivujo peke yake bila ukaguzi mwingine, weka `-fsanitize=leak`, na gharama inakuwa ndogo zaidi kwa sababu kazi kubwa hufanyika mwishoni tu. Mimi ningependa kila mradi wa C na C++ uendeshe majaribio yake namna hii kila msimbo unapobadilika, maana mvujo unaokamatwa siku ulipoandikwa unachukua dakika chache kuuziba.

Mambo matatu ya kuzingatia. Usiendeshe programu hiyo ndani ya Valgrind, haziwezi kukaa pamoja. Usiiendeshe ndani ya gdb wala strace ukitarajia ripoti ya mivujo, kwa sababu LeakSanitizer yenyewe inatumia ptrace, mwito wa kerneli unaotumiwa na zana hizo pia, ili kusimamisha nyuzi. Na la tatu, linalowasumbua wenye seva: ripoti hutoka programu inapomalizika kwa utaratibu. Ukiiua kwa SIGTERM (ishara ya kuomba programu ifunge) bila kuikamata ishara hiyo, hutapata hata mstari mmoja. Kamata SIGTERM, inua alama (flag), mzunguko mkuu uione na utoke kwa `return` kutoka `main`. Au ita `__lsan_do_recoverable_leak_check()` katikati ya kazi, kwa mfano unapopokea SIGUSR1. Usiiite ndani ya kishughulikia ishara chenyewe, si salama. Inua alama hapo, kisha uiite kutoka mzunguko mkuu.

Mwandishi, nimefanya yote. Valgrind inasema "All heap blocks were freed -- no leaks are possible". LeakSanitizer haisemi kitu. Lakini mchoro wa RssAnon unapanda kila siku kama ngazi, hata nikiweka MALLOC_ARENA_MAX=2. Nimekata tamaa. – Nimechoka

Usikate tamaa, ndugu yangu. Barua yako ndiyo iliyonifanya nitenge safu nzima kwa jambo hili. Zana hizo hazikukudanganya. Ziliulizwa kama kuna memori iliyopotea, zikajibu hakuna, na ni kweli. Memori yako haijapotea. Imeshikiliwa na kitu ambacho kimesahau kuiachilia.

Fikiria kilichotokea uliposimamisha seva. Ilitoka kwa utaratibu, viharibifu (destructors) vya C++ vikaitwa, kila `std::map` na kila `std::vector` ikajisafisha, na Valgrind ilipokuja kukagua mwishoni ilikuta nyumba tupu. Mvujo ulikuwepo saa moja kabla. Ulifutwa na usafi wa kuondoka.

Huduma moja niliyoitwa kuiangalia ilikuwa na jedwali la vikao. Mteja akiunganishwa, kikao kinaingizwa. Akituma ujumbe wa kuaga, kikao kinaondolewa. Msimbo ulikuwa safi, umeandikwa na mtu makini. Lakini wateja wengi walikuwa kwenye mitandao ya simu. Muunganisho unakatika, mteja anarudi na kikao kipya, na kile cha zamani hakiagwi wala kuondolewa. Kila kikao kilikuwa na bafa mbili. Hakuna pointa iliyopotea hata moja: jedwali lilizijua zote. Hakuna kitafuta mivujo duniani kingeweza kulitambua hilo kuwa kosa, kwa sababu kwa macho ya mashine jedwali lenye vikao laki mbili hai na jedwali lenye vikao laki mbili vilivyokufa ni kitu kimoja.

Kwa hali hii unahitaji zana inayouliza swali tofauti: sasa hivi, memori yote iliyo mikononi mwa programu iliombwa na nani, na fungu la nani linakua?

Ya kwanza ninayoichukua ni heaptrack, iliyoandikwa na Milian Wolff wa mradi wa KDE. Hujiingiza kati ya programu na malloc na kuandika kila ombi na kila uachiliaji pamoja na mnyororo wa miito. Gharama yake ni ndogo kuliko ya Valgrind kwa kiasi kikubwa, na huhitaji kukusanya programu upya, ingawa `-g` inasaidia. Andika `heaptrack ./seva`, ipe kazi ileile ya raundi nilizozieleza kwa Mwenye seva, kisha ifungue kwa `heaptrack_gui`. Nenda kwenye mchoro wa memori iliyotumika kwa muda. Utaona tabaka zenye rangi, kila moja ikiwa ni fankisheni. Tafuta tabaka linalonenepa toka kushoto kwenda kulia huku mengine yakibaki sawa. Katika ile huduma ya vikao, tabaka hilo lilikuwa na jina la fankisheni inayofungua kikao, na kazi iliyobaki ilikuwa kuuliza nani anakifunga. Kama seva tayari inaendeshwa, `heaptrack --pid 4312` itajiunga nayo, ila itaona tu yaliyoombwa baada ya kujiunga.

Kama unapenda kubaki ndani ya Valgrind, tumia Massif: `valgrind --tool=massif ./seva`, kisha `ms_print` kwenye faili la massif.out inaloacha. Inachora memori kwa herufi kwenye terminali na kuonyesha nani alishika asilimia ngapi. Lakini kuna njia nyingine ambayo wachache wanaifahamu, na naipenda kuliko Massif. Seva ikiwa inaendeshwa chini ya Memcheck, fungua terminali ya pili uandike:

`vgdb leak_check full reachable increased`

Hii inaiamuru Memcheck ifanye ukaguzi sasa hivi, programu ikiwa hai, na kuorodhesha hata vipande vinavyofikika. Iendeshe mara moja kama msingi. Tuma maombi elfu moja. Iendeshe tena. Neno la mwisho kwenye amri linaifanya ionyeshe tu kile kilichoongezeka tangu ukaguzi uliopita. Ukiona ongezeko la vipande 1,000 au 2,000 kwa maombi 1,000, basi hapo ndipo pa kuchimba.

Na kama tatizo halitokei popote isipokuwa kwenye seva ya kazi halisi, mahali ambapo huthubutu kuwasha Valgrind, kuna `memleak` ya mradi wa BCC. Inatumia eBPF, yaani vijiprogramu vidogo ambavyo kerneli huvikagua kisha kuviruhusu kusikiliza miito. Kwenye Debian na Ubuntu inaitwa `memleak-bpfcc`, na inahitaji haki za root:

`memleak-bpfcc -p 4312 -o 60000 30`

Kila sekunde 30 itaonyesha minyororo ya miito iliyoomba memori ambayo haijaachiliwa na ina umri unaozidi milisekunde 60,000. Umri ndio ufunguo wa amri hii. Ombi la kawaida la mtandao huisha chini ya sekunde chache, kwa hiyo kipande kilichovuka dakika moja kinastahili maelezo. Pandisha umri huo hadi uzidi kikao kirefu cha haki katika huduma yako, na mabaki yatakuwa machache. Usiidharau gharama yake, lakini: programu inayoita malloc mara nyingi mno kwa sekunde itaisikia. Iwashe kwa dakika kadhaa, uchukue ulichokuja kuchukua, uizime.

Minyororo ya miito ikitoka imekatika au imejaa anwani zisizo na majina, tatizo ni kwamba eBPF hufuata pointa za fremu, na kompaila huziondoa ili kupata kasi. Kusanya seva yako kwa `-fno-omit-frame-pointer`. Maktaba za mfumo nazo zinahitaji hivyo, na usambazaji kadhaa umeliona hilo: Fedora ilizirudisha kuanzia toleo la 38 na Ubuntu kuanzia 24.04.

Ukishalipata jedwali lako, dawa ni kulipa kikomo: umri wa juu wa kila kikao, au idadi ya juu ya vikao. Na weka kipimo kinachotangaza ukubwa wake kwenye logi kila dakika. Kashe yoyote isiyo na kikomo mimi huihesabu kuwa mvujo hata kabla sijaipima.

Programu yangu ni ya Python. Hizi zote zinanihusu? – Mwandishi wa Python

Kwa sehemu kubwa hapana. Tangu Python 3.4 ya mwaka 2014 kuna moduli ya `tracemalloc` ndani ya maktaba ya kawaida. Iwashe mwanzoni, chukua picha ya kwanza kwa `take_snapshot()`, fanya kazi, chukua ya pili, kisha uzilinganishe kwa `compare_to`. Itakupa faili na mstari. Isipoonyesha kitu na RssAnon bado inapanda, ishuku moduli iliyoandikwa kwa C. Hapo ndipo Valgrind inarudi, ukiwa umeweka `PYTHONMALLOC=malloc` ili kitenga memori cha Python kisifiche vipande vidogo.

Ninafanya kazi kwenye mashine ambayo siruhusiwi kusakinisha chochote. Nina GCC tu. – Mikono imefungwa

Jaribu kwanza `-fsanitize=leak`, kwani maktaba yake mara nyingi huja pamoja na GCC. Ikikataa, glibc ina `mtrace` ya tangu zamani. Ongeza `#include <mcheck.h>`, ita `mtrace()` mwanzoni mwa `main`, kisha:

`MALLOC_TRACE=/tmp/alama.txt LD_PRELOAD=libc_malloc_debug.so.0 ./programu`

Sehemu ya LD_PRELOAD inahitajika kuanzia glibc 2.34 ya mwaka 2021. Kwenye matoleo ya nyuma iache. Mwishoni endesha `mtrace ./programu /tmp/alama.txt`, nayo itaorodhesha vipande visivyoachiliwa na mistari vilikozaliwa. Ni skripti ya Perl, kwa hiyo Perl iwepo. Hainipi mnyororo wa miito, na hilo ni pengo kubwa, lakini kwa programu ndogo inatosha.

Memori ya mashine inaisha, lakini nikijumlisha michakato yote haifiki hata nusu. Nani anaichukua? – Mlinzi wa mashine

Fungua `/proc/meminfo` na usome mistari miwili. Ya kwanza ni Shmem. Ikiwa kubwa, kuna faili kwenye `/dev/shm` au kwenye tmpfs nyingine (mfumo wa faili ulio ndani ya memori), pengine zilizoachwa na programu iliyokufa zamani. Zitazame kwa `df -h -t tmpfs`. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo anza kwa kulikagua.

Ya pili ni SUnreclaim, memori ya kerneli isiyoweza kurudishwa. Iandike asubuhi na jioni. Ikipanda bila kushuka, endesha `slabtop -s c` uone ni aina gani ya kitu inayojaa. Jina lake mara nyingi hutaja mfumo wa faili au dereva husika. Kama dereva hiyo umeiandika wewe, kerneli ina kitafutaji chake, kmemleak, kazi ya Catalin Marinas iliyoingia kwenye toleo la 2.6.31 mwaka 2009. Jenga kerneli ukiwa umewasha CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK, rudia kitendo unachokishuku, kisha kama root:

`echo scan > /sys/kernel/debug/kmemleak`
`cat /sys/kernel/debug/kmemleak`

Fanya ukaguzi mara mbili, ukiacha muda kidogo kati yake, kwa sababu kipande ambacho pointa yake ilikuwa inahamishwa wakati wa ukaguzi wa kwanza kinaweza kuonekana kimepotea na kumbe kipo. Kinachobaki kwenye orodha ya pili ndicho cha kufuatilia. Ukimaliza, irudishe mashine kwenye kerneli yake ya kawaida, maana kmemleak hufuatilia kila ombi la memori na mashine yenye kazi nyingi haitaubeba mzigo huo kwa muda mrefu.